Mtambo Uliojila Wenyewe

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mjue kwanza kwamba siandiki ili mnipende. Naandika kwa sababu ya mjukuu wangu mmoja, mrefu kama nguzo ya stima, aliyekuja kwangu hapa mtaa wa Landless, Thika, juzi na kitabu chake cha shule, akawa anatembea kutoka mlangoni hadi dirishani akikariri. Sheria ya kwanza. Sheria ya pili. Ya tatu. Ya nne. Alizisoma kama karani anayeita majina ya watu kwenye foleni, kila mmoja ametoka kwao na hamjui aliye mbele yake.

Nikamwuliza, "Hizo sheria ni za nini?"

"Za stima na sumaku, cucu. Huwezi kuelewa." Cucu ni nyanya kwa Kikikuyu.

"Zinahusianaje?"

Akafungua kitabu, akatazama, akakifunga. "Hiyo haiji kwa mtihani."

Basi nikamwacha aendelee kutembea. Mimi nilisoma misheni miaka miwili tu, halafu nikatolewa nikalee ndugu zangu. Lakini nikiwa mama wa watoto watatu nilikutana na mtu mzima aliyejua sheria hizo hivyo hivyo, moja moja, kama kunguni unaowatoa kwenye kitanda. Alikuwa na cheti. Kwa ujuzi wake huo nusura baba watoto wangu apelekwe kule ambako wanaume wengi wa miaka ile walipelekwa wakarudi bila meno, au hawakurudi.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, mkoloni alipokuwa akiwakamata wanaume wetu kwa kuwashuku tu. Tulikaa kwenye shamba la kahawa la mzungu, upande wa Ruiru, chini karibu na mto. Mimi nilichuma kahawa. Baba watoto alikuwa mwangalizi wa mtambo wa stima. Maji ya mfereji yalizungusha gurudumu kubwa la chuma, na kutoka kwenye gurudumu hilo mkanda mrefu wa ngozi ulienda kuzungusha mtambo ndani ya banda la mabati. Mkanda huo haukunyooka. Ulipigwa msalaba katikati, kama namba nane iliyolala. Mhindi mzee aliyeufunga mtambo ule ndiye aliyefanya hivyo, kwa sababu gurudumu lilizunguka upande mmoja na mtambo ulitaka upande mwingine. Alimwonyesha baba watoto kwa kidole, akamwambia huo msalaba usiguswe. Halafu akaenda zake, na nasikia alikufa.

Sasa mnisikilize vizuri, maana hizo sheria zenu nne zote zilikuwa ndani ya lile banda, na hakuna hata moja iliyokaa peke yake.

Wakati wa kiangazi, ule mkanda ukizunguka kwa kasi, nywele zangu zilikuwa zinasimama chini ya kitambaa nikiupita. Ukisogeza kidole, unapigwa, na cheche unaiona. Baba watoto aliniambia hiyo ni stima ile ile ya kwenye waya, ila imekusanyika hapo na haina njia. Inavuta vitu kutoka pale ilipokaa, kila upande. Hiyo ni moja.

Ya pili. Alikuwa na kipande cha sumaku alichotoa kwenye lori bovu. Kilikuwa na ncha mbili, moja inavuta ncha ya sumaku nyingine na ya pili inaisukuma. Nikamwambia anipe ile inayovuta tu, hiyo nyingine sina kazi nayo. Akacheka, akaivunja kwa jiwe. Kipande changu kilikuwa na ncha mbili. Akakivunja tena. Mbili tena. "Vunja mpaka jioni," akasema, "hutapata upande mmoja." Stima ya kwenye mkanda inaweza kukaa ya aina moja peke yake. Sumaku haiwezi. Mtoto wa miaka sita anaelewa hilo akionyeshwa.

Hizo nyingine mbili ndizo zilizoendesha mtambo. Ukipitisha waya mbele ya sumaku, waya unapata stima. Na ukipitisha stima kwenye waya, waya wenyewe unakuwa sumaku. Soma hayo mara mbili kabla hujaendelea. Huyu anamzaa yule, na yule anamzaa huyu. Mule ndani ya mtambo hamkuwa na sumaku ya kununua. Kulikuwa na vyuma vikubwa viwili vilivyozungushiwa waya nyembamba, na stima iliyovigeuza kuwa sumaku ilitoka kwenye mtambo huo huo. Mtambo ulijilisha.

Nilimwuliza baba watoto, kama stima inangoja sumaku, na sumaku inangoja stima, asubuhi wanaanzaje? Akanionyesha. Alikuwa na tabia ya kubandika ufunguo wa banda kwenye kile chuma. Mtambo ukiwa umesimama, ufunguo unashika, lakini unautoa kwa kidole kimoja. Mtambo ukizunguka, unautoa kwa mikono miwili na unasukuma kwa goti. Hicho kidogo kinachoshika asubuhi ni sumaku ya jana iliyobaki kwenye chuma, kama ukoko unaobaki chini ya sufuria. Hiyo inatoa stima kidogo, stima kidogo inaongeza sumaku, sumaku inaongeza stima, na baada ya muda mfupi taa za nyumba kubwa ya mzungu zinawaka.

Jambo lingine. Brashi za mtambo, vile vipande vinavyosugua na kupokea stima, zikichafuka zilitoa cheche, na cheche zikitoka, redio ya mzungu kule juu ilikwaruza. Redio yenyewe ilikuwa ya betri, haikuunganishwa na waya wowote. Baba watoto alikufa akijiuliza zile cheche zilipitia wapi. Ni dada yake mjukuu wangu huyu nguzo ya stima, yule msichana aliyesoma akafika chuo kikuu na bado ana akili, aliyekuja kunieleza. Stima inayobadilika inazaa sumaku hata mahali hapana waya, na sumaku hiyo ikibadilika inazaa stima mbele yake, na wanapokezana hivyo hewani mpaka mbali. Akaniambia mwangaza wa jua ni hao hao. Akaniambia tena kwamba hizi mbili zinazozaana ndizo zinazolinda zile mbili za kwanza: kama hesabu ya zile mbili ilikuwa sawa mwanzoni, haziwezi kuiharibu, mradi stima haitoki mahali pasipo na kitu wala haipotei. Nikamwambia, basi ni jambo moja, kwa nini mnawasomesha kama mambo manne? Akacheka. Angalau hakunidanganya.

Turudi kwa mwenye cheti.

Alikuwa fundi wa kutoka Thika, ameitwa kutengeneza pampu ya maji. Viatu vinang'aa, kalamu mbili mfukoni, na kila neno analitanguliza kwa "sheria inasema". Siku aliyokuwepo, ule mkanda ulikatika. Niliitwa kuushona, maana kwenye shamba lote ni mimi tu niliyejua ule mshono: unakata ukanda mwembamba wa ngozi na unashona kama unavyomaliza mdomo wa kikapu cha kiondo, mshono umelala, usije ukaruka juu ya gurudumu na kugonga.

Fundi akasimama juu yangu. "Nani mshamba aliyepiga mkanda msalaba?"

Baba watoto akamwambia kwa heshima, "Bwana fundi, ulifungwa hivyo tangu mwanzo. Mtambo unataka hivyo."

"Mtambo unataka! Mtambo ni mke wako, umekuambia unataka nini? Mkanda unajisugua pale katikati, ndiyo maana umekatika. Unyooshwe."

"Lakini bwana fundi…"

"Cheti chako kiko wapi?"

Baba watoto alikuwa na kipande cha kazi tu, kile kitambulisho cha mkoloni, na hicho kila mtu alikuwa nacho. Akanyamaza. Na mimi nikashona mkanda ukiwa umenyooka. Nilijua. Niliona kwa macho yangu kwamba sasa mtambo utazunguka kinyume, na nikafunga fundo la mwisho bila kusema neno, kwa sababu wanaume wawili walikuwa wanaongea. Siku nikihesabu wapumbavu wa habari hii, huwa najihesabu pia.

Maji yakafunguliwa. Gurudumu likazunguka, mtambo ukazunguka, kelele kama kawaida, na sindano ya kupimia stima haikuinuka hata kidogo. Fundi akafungua mtambo. Akapima waya hii, akapima waya ile, zote nzima. Akazungusha tena. Hakuna stima. Hapo akachukua nyundo akaanza kugonga vile vyuma, ga ga ga, kama mtu anayegonga mlango wa mdeni. Siku mbili. Kwa siku hizo mbili taa za kituo cha askari, ambacho kilitumia stima yetu, hazikuwaka, na kwa miaka ile taa za kituo cha askari kuzimika halikuwa jambo la kucheka.

Meneja mzungu akashuka bandani akiwa mwekundu. Nami nilikuwa hapo nafagia majani ya mfereji, nikasikia yote. Fundi alinyoosha mgongo akasema:

"Bwana, sheria inasema waya ikizunguka mbele ya sumaku, lazima stima itoke. Waya ni nzima, nimepima. Inazunguka, unaona. Kwa hivyo sumaku haiko. Mtu ameitoa."

"Imetolewa?"

"Upande mmoja, bwana. Ile ncha ya kaskazini. Bila kaskazini mashine haifanyi kazi." Akamtazama baba watoto. "Na ufunguo wa banda uko na nani?"

Nimekaa na maneno hayo zaidi ya miaka sitini, na bado yananipandisha damu. Kaskazini imetolewa! Huyu mtu alikariri kwamba sumaku inatoa stima, akasimama hapo hapo kwenye mstari. Hakuwahi kujiuliza hiyo sumaku ilitoka wapi. Na ile sheria nyingine, ya kwamba upande mmoja hautoki peke yake, najua aliikariri pia, ilikuwa kwenye kichwa hicho hicho, ila ilikaa chumba kingine na mlango umefungwa. Mtu akijua hivyo ni heri asijue kabisa, maana asiyejua angeuliza.

Meneja hakuuliza kitu zaidi. Alisema ni hujuma. Baba watoto akafungiwa kwenye ghala la kahawa, na ikasemwa Jumamosi asubuhi watu wa bwana DO, mkuu wa tarafa, watakuja kumchukua. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa, jua likiwa kichwani, nikampelekea uji. Mlangoni alikuwepo askari wa shamba, mtu wa kutoka mbali asiyejua Kikikuyu, akasema, "Ongeeni Kiswahili nisikie. Na isiwe ndefu, mama."

Baba watoto alipokea kibuyu. Sikumpa pole. Nikamwambia, "Ufunguo haushiki."

"Ufunguo gani?"

"Wa banda. Fundi ameuacha juu ya sanduku. Nimeubandika pale pa kila siku, ukaanguka."

Akaacha kunywa. "Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Askari akacheka. "Wanawake wengine wakija hapa wanalia. Wewe unaleta habari za ufunguo."

"Nitalia nikipata nafasi," nikamwambia.

Baba watoto akauliza, "Mkanda bado umenyooka?"

"Umenyooka."

"Ulipoushona hukujua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

"Kama wewe."

Akafikiri, kibuyu mkononi. "Basi mtambo unazunguka kinyume. Ile stima kidogo inayozaliwa inarudi kwenye chuma ikiwa imegeuka, inafuta sumaku ile ile iliyoizaa. Badala ya kujilisha, unajila. Halafu huyo akamalizia kwa nyundo. Chuma ukikigonga kinasahau."

"Dawa?"

"Rudisheni msalaba. Halafu mwuonjeshe betri ya lori kwenye zile waya mbili nyembamba, kidogo tu, kama mtoto anavyoonjeshwa uji. Sindano ikianza kuinuka, toeni betri haraka. Hautaihitaji tena."

"Fundi hatakubali."

"Fundi hajui kitu."

"Ndiyo maana hatakubali."

Askari akapiga mlango na rungu. "Mnaongea nini nyinyi? Yatosha. Mzee, rudisha kibuyu."

Nilimkuta fundi amekaa juu ya sanduku bandani, viatu having'ai tena. Meneja alikuwa amemwambia kwamba, mwizi au si mwizi, haondoki kwenda Thika mpaka taa ziwake. Cheti chake kilikuwa mfukoni na hakikuwa kinamsaidia kitu.

"Fundi, mkanda urudi msalaba," nikamwambia.

"Mama, nenda ukapike githeri. Hii ni stima."

"Githeri imeiva. Wewe ndiye umeshindwa kupika."

Akaniangalia kama anayetazama kuku aliyeongea. "Wewe unajua nini?"

Nikachukua ufunguo nikaubandika kwenye chuma, ukaanguka miguuni pake. Nikauokota, nikabandika tena, ukaanguka tena. "Siku ulipokuja ulikuwa unashika. Hakuna mtu aliyetoa kaskazini. Ni wewe uliyezungusha mtambo kinyume ukajifuta wenyewe."

"Sheria inasema…"

"Sheria yako inasema sumaku inazaa stima. Na inayozaa sumaku ni nini?"

Niliona macho yake yanatafuta ukurasa. Akapata, Ngai Mungu wangu anisamehe, nikaona ameupata, na badala ya kuona aibu akakasirika.

"Nikifanya hivyo na ikashindwa, bwana atanicheka."

"Ikishindwa, sema mwanamke mjinga alikusumbua. Ikiwaka, sema ni wewe. Mimi sitasema lolote. Nataka mtu wangu atoke ghalani, sina haja na sifa."

Akafikiria hilo la sifa. Hapo ndipo akili yake ilifanya kazi haraka kuliko siku zote tatu. "Na ukiulizwa?"

"Nitasema nilikuwa nafagia."

Nikafungua mshono wangu, tukageuza mkanda, nikashona upya ukiwa msalaba. Vidole vilitoka damu kwa sababu niliharakisha. Yeye akaleta betri ya lori. Maji yakafunguliwa, mtambo ukazunguka upande wake, nikamwambia aguse zile waya nyembamba. Akagusa kwa woga, kama anamgusa nyoka. Sindano ikatetemeka, ikainuka.

"Toa!" nikapiga kelele. Akatoa.

Na sindano haikurudi chini. Ikaendelea kupanda peke yake. Balbu iliyoning'inia juu yetu ikawa nyekundu kama kaa la moto, ikawa ya manjano, ikawa nyeupe mpaka nikafumba macho. Nilibandika ufunguo kwenye chuma, ukanyakuliwa mkononi mwangu.

Fundi alifanya nini? Alianza kunieleza! "Unaona, mama, sheria inasema chuma kikipoteza sumaku ya masalio…" Nikachukua ufagio nikamgeuzia mgongo.

Meneja alikuja akikimbia, akampiga fundi begani, akasema hii ndiyo faida ya kuita mtu aliyesoma. Fundi akasema, "Nimerudisha sumaku, bwana." Kuhusu mkanda hakusema. Kuhusu nyundo hakusema. Na kuhusu ile kaskazini iliyoibiwa hakusema ilipatikana wapi, na meneja, ambaye alikuwa tayari kumtoa mtu auawe kwa ajili yake, hakuuliza. Baba watoto alifunguliwa ghala saa kumi na moja jioni. Hakuambiwa pole. Aliambiwa, "Rudi kazini."

Tulikula mapema siku hiyo, jua bado liko. Baba watoto hakuwa anakula, alikuwa anageuza chakula. Mwisho akasimama akachukua kofia.

"Unaenda wapi?" nikamwuliza.

"Kwa meneja. Nimwambie habari ya mkanda. Nimeitwa mwizi mbele ya watu. Ajue ni nani aliyeharibu na ni nani aliyetengeneza."

Binti yetu mkubwa akadakia, "Eeh, baba, mwambie! Ni mama ndiye aliyetengeneza, nilimwona anashona!"

Nikasimama mlangoni. "Keti chini."

"Ni kweli au si kweli?" akasema baba watoto.

"Ni kweli. Na wakijua sisi ndio tuliojua kuuponya, kesho watasema sisi ndio tuliojua kuuua. Ukienda kule utarudi ghalani, na mara hii nitafungiwa pamoja nawe, na hawa watapikiwa na nani? Yule ni mpumbavu, na upumbavu wake unamlinda. Ujuzi wetu hautulindi. Mwache aondoke nao."

Akairudisha kofia mahali pake. Halafu akaketi. Watoto walikuwa wameacha kutafuna. Nikawatazama mmoja mmoja, hata yule mdogo ambaye alikuwa hajui kusema vizuri, nikawaambia:

"Mtu yeyote akiwauliza ni nani aliyewasha stima, awe mzungu, awe askari, awe jirani, semeni ni fundi. Sasa kuleni."